Nani Atumwe Nchi za Mashariki?

Mwalimu mmoja wa dini aliye kandokando ya ziwa ameniletea swali, naye ameomba lijibiwe katika ukurasa huu, ili wengine nao wapate kulifikiri. Swali lake ni hili: "Barua ikija usharikani, yenye kusema kwamba iko nafasi ya kijana mmoja kwenda kusoma Japani, au India, au Uchina, nasi tumepewa kazi ya kumchagua, je, tumchague nani? Yule aliyewashinda wenzake katika mtihani? Au mwana wa mzee ambaye ametutumikia miaka mingi? Au yule asiye na mtu wa kumsemea?"

Swali hili laweza kuonekana dogo, maana barua za namna hiyo haziji kila mwezi. Walakini si dogo. Ndani yake limo swali jingine, nalo ni hili: kwenda nchi za mbali ni tuzo ya mtu mmoja, au ni utume wa watu wote? Atakayelijibu hili la pili atakuwa amekwisha kulijibu la kwanza.

Kwanza na tuangalie kama Asia ni nchi ngeni kwetu. Wako wasemao, "Sisi watu wa Bondeni tuna shughuli gani na Wajapani na Wahindi?" Mtu asemaye hivyo na atoke nje ya nyumba yake, atazame. Mgomba ulio nyuma ya jiko lake, ambao babu zetu waliyategemeza maisha yao juu yake, asili yake ni Asia ya kusini-mashariki. Mwembe anaoketi chini ya kivuli chake asili yake ni Asia pia. Mpunga unaosimama katika maji ya Mbaka na Kiwira na Lufilyo, ambao mchele wake wenye harufu nzuri umelifanya jina la Kyela lijulikane hata Dar es Salaam, nao ni wa ukoo wa mpunga wa Asia. Basi tumekula chakula kimoja na watu wa Asia kwa vizazi vingi, ijapokuwa hatukuonana uso kwa uso.

Tena hata kuonana tumekwisha kuonana. Wakati wa vita ya pili ya dunia serikali ya Kiingereza iliwakusanya vijana wa Tanganyika, na wa Nyasaland ng'ambo ya mto Songwe, wengine kwa hiari na wengine kwa amri, ikawatia katika vikosi vya KAR. Wakavushwa bahari mpaka Ceylon, kisha Bara Hindi. Na mwaka 1944 wakapigana na Wajapani katika bonde la Kabaw huko Burma, nchi iitwayo siku hizi Myanmar. Walipita katika mvua na matope na malaria, hata mwezi wa Desemba wakauvuka mto Chindwin. Baadaye, katika miaka ya 1970, watu wa Asia walikuja kwetu. Wachina walijenga pamoja na watu wetu reli ya Tazara, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi, nayo yapita Mbeya, juu ya milima yetu. Ujenzi ulianza mwaka 1970, na reli ikakabidhiwa mwaka 1976. Wako Wachina waliokufa katika kazi ile, nao wamezikwa katika udongo wa nchi hii. Na wako vijana wa Tanzania na Zambia waliopelekwa Uchina kujifunza kazi ya reli.

Hata bei ya mazao yetu yaamuliwa huko. Mwezi wa Agosti mwaka 2017 serikali ya India iliweka mpaka wa kiasi cha mbaazi kitakachoingia nchini mwake, kwa sababu wakulima wake wenyewe walikuwa wamevuna nyingi. Katika Tanzania bei ya mbaazi ikaanguka vibaya, na mkulima aliyekuwa amejaza ghala yake akaona kazi ya mwaka mzima imepotea. Sisi wa Bondeni hatukuumizwa sana, maana mazao yetu ni mpunga na kakao. Lakini somo ni letu pia. Neno lililoamuliwa katika mji wa mbali laweza kuingia katika jiko la mtu ambaye hajapata kuusikia hata jina lake. Basi asiseme mtu kwamba kuijua Asia ni anasa ya wasomi. Ni haja ya mkulima.

Sasa liangalieni jambo moja, ndugu zangu. Walipotakiwa watu wa kubeba bunduki Burma, hakuna aliyeuliza kama baba ya kijana ni mzee wa baraza. Walipotakiwa watu wa kuchimba dhahabu kule Lupa, au shaba katika Rhodesia ya Kaskazini, au dhahabu tena katika Afrika Kusini, hakuna aliyeuliza kama kijana yule ana ndugu mjini wa kumpokea. Mwana wa mvuvi alifaa, na Mkisi wa Ikombe alifaa, na yatima alifaa. Lakini leo watakapo watu wa kwenda kushika kitabu, twaanza kuulizana, "Huyu ni mtoto wa nani? Nani anamjua?" Kwa mzigo mlango ulikuwa mpana, kwa kitabu tumeufanya mwembamba. Hapo ndipo pananitia huzuni, maana walioupunguza mlango huu si wageni. Ni sisi.

Nisiseme habari za wengine nikaficha zangu. Miaka michache iliyopita nilikuwa karani wa baraza la usharika mmoja ambao sitautaja. Ikaja barua ya namna hiyo hiyo: kijana mmoja apelekwe Asia kusoma, gharama zote zimelipwa. Siku za kujibu zilikuwa chache. Tukaketi wazee saba chumbani, barua ikasomwa, na mmoja wetu akasema, "Yuko mwanangu, amemaliza kidato cha sita." Tukatazamana. Hakuna aliyependa kumwaibisha mwenzake. Nikaandika jina la kijana yule katika daftari, tukaomba, tukaenda nyumbani. Barua haikusomwa mbele ya watu.

Yapata miaka miwili baadaye nilikwenda soko la Kyela, nikamkuta binti wa usharika wetu akiuza usipa wa baba yake. Namjua tangu utoto. Katika somo la hesabu na la kemia hakuna kijana wa mwambao ule aliyempita. Akanisalimu kwa adabu, akanipimia samaki, kisha akaniuliza, "Baba Mwalimu, ile barua ya masomo ilisomwa Jumapili gani? Maana mimi mwaka ule sikukosa kanisani hata Jumapili moja."

Hakusema kwa hasira. Kama angalikuwa na hasira ningalipata neno la kujitetea. Nikamjibu, "Haikusomwa, mwanangu." Akanifungia samaki, akanipa.

Huenda msomaji angoja kusikia kwamba kijana tuliyempeleka aliharibu, ili mambo yawe mepesi. La, hakuharibu. Alisoma vema, akarudi, na sasa anafanya kazi nzuri, nami nampenda. Ndiyo sababu nasema kosa letu halikuwa katika matokeo. Kosa lilikuwa katika chumba kile. Tuliichukua mali ya watu wote, tukaigawa kana kwamba ni mali ya wale saba waliokuwamo. Hata kama binti yule angalishindwa katika kupimwa, alikuwa na haki ya kupimwa. Nasi tulimnyima haki hiyo pasipo kumwambia kwamba ameinyimwa.

Sasa na tusikilize maneno ya wale wenye shauri jingine, maana si watu wabaya, na maneno yao yana uzito.

Neno la kwanza ni hili: "Mpeleke aliye na alama nyingi, basi, hapo hapana upendeleo." Hili lafaa kuliko tulivyofanya sisi. Lakini alama nazo zina njia zilizopitia. Mtoto mmoja amesoma nyumbani penye taa ya umeme, na mwalimu wa ziada, na baba ajuaye Kiingereza. Mwenzake amesoma kwa koroboi. Na mwezi wa Aprili, mito inapofurika, hukaa siku nyingi asiweze kuvuka kwenda shule. Kama wa kwanza amepata 75 na wa pili amepata 70, ni nani kati yao aliyekwenda mbali zaidi? Sisemi kwamba alama si kitu. Nasema kwamba mwenye kupima mzigo na apime pia mwinuko wa kilima mtu alichoupandisha.

Neno la pili ni hili: "Binti tukimpeleka ataolewa huko au hapa, na faida itakwenda kwa watu wengine." Neno hili nimelisikia mara nyingi, na mara nyingi limesemwa na watu wanaolishwa na kazi za wanawake. Wanawake wa Ikombe hufinyanga vyungu, wakavipakia mitumbwini na kuvipeleka soko la Matema, na kutoka huko vikaenea nchi yote. Nani aliyeliweka jina la Wakisi katika vinywa vya watu wa mbali, kama si wao? Tena na tutazame Unguja. Mwaka 2023 chuo kikuu cha India kiitwacho IIT Madras kilifungua tawi lake huko, nalo lilikuwa tawi la kwanza la vyuo vya jina hilo nje ya India. Aliyewekwa kuliongoza alikuwa mwanamke, Preeti Aghalayam, naye alikuwa mwanamke wa kwanza kupewa uongozi wa namna hiyo katika vyuo hivyo. Wahindi walipotaka kutuma mtu kuja Afrika kwa kazi nzito, hawakuuliza kama ataolewa. Je, sisi tuwe na haya kumtuma binti wetu kwao?

Neno la tatu ndilo zito kuliko yote: "Maskini ukimpeleka ng'ambo hatarudi, maana hana cha kumrudisha." Hofu hii ni ya kweli, wako waliokwenda wasirudi, nao hawakuwa maskini tu. Lakini ni kitu gani kimrudishacho mtu kwao? Si utajiri wa baba yake. Ni kujua kwamba alitumwa. Aliyepewa nafasi kwa siri ameipata kama mali yake mwenyewe, wala hana deni kwa mtu ila kwa yule mmoja aliyemsaidia. Aliyechaguliwa mbele ya watu, wakamwekea mikono, wakamchangia nauli shilingi kwa shilingi, ana macho ya watu wengi mgongoni mwake. Wazee wa pwani wamesema kwamba mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Lakini ngama ni lazima iwe ya chombo kimoja tulichomo sote. Mtu harudi katika chombo ambacho hakupata kuambiwa kuwa ni chake.

Kuna mahali huko Japani ambapo jambo hili limefanywa kuwa kanuni. Katika mkoa wa Tochigi kiko chuo kiitwacho Asian Rural Institute. Kilianzishwa mwaka 1973 na mchungaji wa Kijapani, Toshihiro Takami. Huwapokea watu wanaofanya kazi vijijini katika Asia na Afrika na kwingineko, wakakaa huko yapata miezi tisa, wakalima pamoja, wakafuga pamoja, wakapika na kula pamoja, watu wa dini na lugha mbalimbali. Hulima mpunga na mboga pasipo dawa za viwandani. Chuo hiki hakimtafuti kwanza mwenye shahada. Swali lake ni hili: nani amekutuma? Unafanya kazi na watu gani, nawe utarudi kwao? Mtu hawezi kujipeleka peke yake. Sharti kuwe na kundi la watu nyuma yake. Je, mkulima wa mpunga wa Bondeni, mwanamume au mwanamke, aliye kiongozi wa wenzake na ajuaye Kiingereza cha kutosha, hafai mahali kama hapo? Anafaa kuliko wengi wenye vyeti. Ila hawezi kuiomba nafasi ambayo hajaisikia.

Habari hizi zinanikumbusha sura mbili za Matendo ya Mitume, nazo walimu wa dini wanazijua. Katika sura ya 6 wajane wa watu wenye kusema Kiyunani walisahauliwa katika mgawanyo wa kila siku. Mitume hawakusema kwamba wanaonung'unika ni wachoyo. Waliita mkutano wote, wakauambia uchague watu saba. Na ukiyasoma majina ya wale saba utaona kwamba yote ni ya Kiyunani. Maana yake, kazi ya kugawanya ilitiwa mikononi mwa watu wa upande ule ule uliosahauliwa. Na katika sura ya 13, huko Antiokia, mji wa Asia upande wa Shamu, twaona waalimu watano wasiofanana: mmoja wa Kipro, mmoja aitwaye Mweusi, mmoja wa Kirene katika Afrika, mmoja aliyelelewa nyumbani mwa mtawala, na mmoja wa Tarso. Safari za kwenda mbali zilianza kwa watu wa namna hiyo, nao waliotumwa walitumwa mbele ya wenzao, kwa kufunga na kuomba na kuwekewa mikono. Sidhani ni bahati tu. Watu wa jamii moja wakiketi peke yao chumbani, humwona yule tu aliye karibu nao. Najua hivyo, maana nilikuwamo.

Basi namjibu mwalimu aliyeniuliza. Sitamwambia, "Chagua maskini," wala, "Chagua binti." Mtu akichaguliwa kwa umaskini wake tu, huko nako ni kumdharau. Namwambia hivi: kwanza fungua mlango, ndipo uchague. Na mlango hufunguliwa kwa kazi nne, wala si kwa maneno mazuri.

Ya kwanza, barua na isomwe kwa sauti katika kila mtaa wa usharika, Jumapili mbili au tatu, kwa Kiswahili na kwa Kinyakyusa, na kwa Kikisi penye Wakisi. Kama siku za kujibu ni chache, na isomwe usiku katika sala za jumuiya. Habari ya msiba haikosi kumfikia mtu kwa siku moja, basi na hii itafika.

Ya pili, wanaochagua wawe watu wa namna mbalimbali: wazee, wanawake, vijana, na mtu wa mwambao pamoja na mtu wa juu. Mwenye mtoto au ndugu anayepimwa na atoke nje, na sababu za kuchagua ziandikwe daftarini, ili asiyepata ajue kwa nini hakupata.

Ya tatu, msaada uanze kabla ya barua kuja. Kutoka Kyela mpaka Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 900, na huko ndiko ziliko balozi, na mara nyingi ndiko kunakofanywa mitihani na mahojiano. Kijana asiye na nauli ya basi, wala cheti cha kuzaliwa, wala pasipoti, amekwisha kushindwa kabla ya kuulizwa swali la kwanza. Mfuko mdogo wa usharika, gunia moja la mpunga kutoka kila mtaa wakati wa mavuno, ungeweza kumfikisha. Kadhalika lugha. Ziegenbalg, aliyefika Tranquebar katika India mwaka 1706, miaka 185 kabla ya watu wa Berlin kufika huku kwetu mwaka 1891, hakufanya kitu mpaka alipoketi na kujifunza Kitamil kama mtoto. Ndipo Agano Jipya likachapwa katika lugha hiyo mwaka 1715. Kijana wetu naye na aanze mapema, hata kama ni Kiingereza tu jioni mbili kila juma, chini ya mwembe ule wa Asia.

Ya nne, aliyetumwa akirudi, na asimame mbele ya watu wote aeleze alichokiona, kizuri na kibaya. Hapo mtoto wa mvuvi aketiye nyuma atajifunza kwamba njia ile ipo, na kwamba ilipitwa na mtu mwenye miguu kama yake.

Huenda mtu akasema, "Haya yote kwa barua moja?" Naam, kwa barua moja. Maana barua hiyo yatuonyesha twawahesabu akina nani kuwa watu wetu.

Binti yule bado anauza usipa. Baada ya siku ile sokoni nilikwenda nyumbani kwa baba yake, nikakiri mbele yao niliyoyafanya, kisha nikakiri mbele ya baraza. Wengine walichukizwa nami, na mmoja hajanisalimu vizuri mpaka leo. Mwaka huu tumemwandikia maombi ya nafasi nyingine, yeye pamoja na vijana wanne wa mitaa mingine, wote waliosikia habari siku moja. Sijui atakayepata ni nani. Lakini safari hii barua ilisomwa, nao wote watano wanajua ilisomwa Jumapili gani.